Hii Betri Si Mpya

Nilifukuzwa kazi Kitale siku ya Jumanne asubuhi, mbele ya mteja, kwa sababu ya betri. Hadi leo kuna jamaa zangu wanaokisimulia kisa hicho kwa kunong'ona, kana kwamba niliiba. Sikuiba kitu. Nilijibu swali nililoulizwa, na ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile.

Nilikuwa fundi wa laptopu katika duka moja hatua chache kutoka msikiti wa mjini. Tulikuwa mafundi wanne na mwanamke nilikuwa peke yangu. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati laptopu zilipoanza kutoka mikononi mwa mameneja na kuwafikia walimu, wahubiri na wenye maduka ya pembejeo. Nyingi zilikuwa zimeshatumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Ziliharibika kwa njia zilezile: vumbi la mahindi yanayopukuchuliwa liliziba feni, chai ilimwagikia kibodi, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Mteja akishaambiwa kilichoharibika, alikuwa na swali moja tu. Je, atiliwe spea mpya au ya mtumba?

Bosi wangu alikuwa na jibu moja, mpya. Nyuma ya kaunta alipanga maboksi yanayong'aa, kila moja limefungwa kwa plastiki ya kubana, na mteja akishayaona hakuuliza tena. Sitasema bosi alikuwa mtu mbaya wa kupindukia. Alikuwa mcheshi, na ndiye aliyenifundisha kulehemu bila kuunguza bodi wakati maduka mengine mawili yalikuwa yamenicheka mlangoni. Ndiyo maana jambo lenyewe lilinichukua muda.

Lilianza na kona ya stika. Nilikuwa natoa betri mpya kwenye boksi lake nikaona kona moja ya stika imeinuka. Nikaivuta kwa ukucha, mchezo tu. Chini yake kulikuwa na stika nyingine iliyofifia, na juu ya hiyo mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino namba ya chumba cha ofisi. Mtu fulani, katika nchi nisiyoijua, alikuwa ametumia betri ile kwa miaka kisha akaitupa. Nikafungua boksi la pili. Nalo lilikuwa na stika mbili.

Nilimpelekea bosi betri zote mbili. Alizitazama, akazirudisha kwenye maboksi yake kwa utaratibu.

"Ukiiweka, inawaka ama haiwaki?" akaniuliza.

"Inawaka."

"Basi. Mteja hanunui betri, ananunua amani ya roho. Mwachie amani yake."

Nilirudi kwenye meza yangu na nikanyamaza karibu miezi mitatu. Sijivunii miezi hiyo. Niliweka betri zile kwenye laptopu za watu na nikasema "ni mpya" kwa mdomo wangu huu.

Nisieleweke vibaya. Sikuwa na ugomvi na mtumba. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha karatasi Webuye, na nimelelewa na mshahara wa mtu aliyefufua pampu moja kwa vyuma vya pampu nyingine iliyokufa. Kioo cha laptopu kilichotolewa kwenye mashine halisi nilikipenda kuliko kioo kipya cha kuigiza, ambacho rangi zake zilikuwa za kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Kibodi ya mtumba, feni ya mtumba, hata bodi nzima, sikuona shida. Lakini betri huzeeka hata ikiwa imelala kabatini. Betri kuukuu ni kuukuu, uivishe nguo gani.

Mteja wa Jumanne ile alikuwa mama wa makamo kutoka Bungoma. Kazi yake ilikuwa kuchapa: maombi ya kazi, makubaliano ya kuuziana mashamba, barua kwa chifu, ratiba za mazishi. Alikuwa ameketi kwenye baraza mkabala na ofisi za ardhi tangu enzi za taipureta, kisha kaka yake aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo akamletea laptopu. Barazani alipoketi hakukuwa na umeme. Aliichaji nyumbani asubuhi na kuitumia kwa betri hadi ikate roho. Betri ikiwa mbovu, siku yake imekwisha saa tatu asubuhi. Alikuwa amesafiri hadi Kitale kununua mpya kwetu, na nilikuwa nimemwekea mimi.

Sasa alirudi baada ya wiki tano. Aliifungua laptopu juu ya kaunta. Kibodi ilikuwa imeinuka katikati kama mandazi, kwa sababu betri chini yake ilikuwa imevimba.

"Hii inaweza kulipuka?" aliuliza.

"Ni umeme wa huko kwenu, mama," bosi akasema. "Hiyo umeme ya Bungoma inaruka sana. Inaharibu betri mpya kabisa. Tutakupunguzia bei, uchukue ingine."

Mama yule alinigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na bisibisi mkononi.

"Wewe ndiye uliniwekea. Unasemaje?"

Duka lilikuwa na watu wengine wawili. Mafundi wenzangu waliinamia kazi zao. Nakumbuka bosi akinitazama bila wasiwasi wowote, kwa sababu alikuwa na hakika nitamwunga mkono.

"Hii betri si mpya, mama," nikasema. "Haikuwa mpya nilipokuwekea. Ukitoa hiyo stika ya juu utaona ingine chini."

Aliigeuza laptopu, akachomoa betri, akaibandua stika papo hapo. Akaitazama stika ya chini, akaitazama ya juu, kisha akaviweka vyote, betri na stika, juu ya kaunta mbele ya bosi.

Bosi hakupiga kelele. Aliniambia kwa upole nichukue mkoba wangu na nisirudi. Nilichukua mkoba, bisibisi zangu tatu na mita yangu ya kupimia umeme, ambayo nilikuwa nimeinunua mwenyewe. Chuma cha kulehemu kilikuwa chake, nikakiacha. Mlangoni nikasikia akimwambia mama yule, "Huyo msichana ana ubishi, ndio shida yake." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.

Nje, mama alinifuata akiwa ameikumbatia laptopu yake.

"Sasa utaenda wapi?"

"Nyumbani kwanza."

"Nyumbani si hakuna kazi? Kuja Bungoma. Meza yangu ni refu."

Nilidhani ni maneno ya kumfariji mtu. Wiki iliyofuata nilikwenda kuhakikisha, nikakuta amesogeza vitu vyake vyote upande mmoja na kuufuta upande wa pili kwa kitambaa chenye maji.

Baraza lilikuwa la duka la mzee mmoja Mwislamu aliyeuza balbu, nyaya na soketi. Babu yake alikuwa amefika Bungoma na wajenzi wa reli, na familia ilibaki hapo. Mzee alituruhusu kuvuta waya mmoja kutoka dukani kwake kwa sharti kwamba tuuchomoe akienda kuswali Ijumaa, kwa kuwa duka lilifungwa. Kuanzia siku hiyo mama mchapaji naye akawa na umeme, na bado akanung'unika kwamba waya unampita miguuni.

Nilianza na laptopu sita zilizokufa nilizozikusanya kwa watu waliokuwa wamezitupa. Nilizifungua, nikapima kila kitu, kilicho kizima nikakiweka kando. Kila kilichotoka humo nilikitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha, ili nisije nikajisahau na ili mtu yeyote akifungua mashine baadaye ajue. Kisha nikaandika ubao: SPEA MPYA NA ZA MTUMBA. ULIZA IPI NI IPI, NITAKUAMBIA.

Watu walicheka. Kijana mmoja aliyeuza simu upande wa pili wa barabara alivuka kuja kunishauri.

"Niaje, madam. Hiyo neno mtumba toa bana. Ata kama ni mtumba, nani anaandika?"

"Mimi."

"Utakula nini?"

"Ugali, kama wewe."

Mwezi wa kwanza sikula ugali mwingi. Watu walisoma ubao na kupita. Lakini waliosimama walikuwa na maswali mazuri, na niligundua kwamba nilikuwa na kiu ya kuyajibu. Mwalimu aliuliza kwa nini kioo cha mtumba, nikamwashia viwili mbele yake, kipya cha kuigiza na cha zamani halisi, nikamwachia achague kwa macho yake. Mhasibu wa kanisa alitaka betri ya mtumba kwa sababu ni rahisi. Nilikataa kumuuzia. Alisema basi ataenda Kitale, nikamwambia aende, na akifika aanze na kona ya stika.

Sasa nifike mahali ambapo nilikosea, kwa sababu nisipolisema hili mimi, watasema wengine.

Diski ya mama mchapaji ilianza kugonga. Mtu wa kazi hii anaijua sauti hiyo, tik, tik, kama ukucha juu ya bati. Diski mpya ingetoka Nairobi kwa wiki nzima, na yeye hakuwa na wiki. Mimi nilikuwa na diski moja ya mtumba. Niliipima siku nzima, ikapita kila jaribio nililolijua.

"Ingekuwa yako, ungeweka?" akaniuliza.

"Ningeweka."

Ningeweka kweli, sikumdanganya. Nikamhamishia kazi zake zote, nikatia nukta nyekundu, na tukasahau. Ilikufa baada ya miezi minne, Alhamisi asubuhi, bila kugonga hata mara moja. Iliwashwa ikawa bubu. Ndani yake kulikuwa na makubaliano ya watu, barua na fomu, na kubwa kuliko yote, ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Matulo aliyepaswa kuzikwa Jumamosi. Wasifu wa marehemu ulikuwa umechapwa siku iliyotangulia, na kijana mmoja, mwanawe, alikuwa amesimama pale pale, amekuja kuuchukua apeleke saiba, kwenye duka la kompyuta na intaneti, ukatolewe nakala.

Nilijaribu kila njia kwa saa nzima. Kijana alikuwa akitazama mikono yangu, na niliposimama aliuliza, "Imepotea?"

"Imepotea. Diski niliweka mimi, na ilikuwa ya mtumba."

"Ya mtumba," akarudia, akitazama ubao wangu.

Mama mchapaji angeweza kusema ni virusi. Au umeme. Kila mtu angemwamini. Nilimwona akifikiria, na nikatikisa kichwa.

"Twende Matulo," nikamwambia kijana. "Nitaandika upya kwa mkono wangu, na leo jioni itakuwa imechapwa."

Nilichukua daftari na kalamu mbili. Kwao kulikuwa na turubai uani na watu wengi, wanawake wakichambua mboga, wanaume kwenye viti vya kukodi. Kijana alimweleza baba yake mdogo yaliyotokea. Baba mdogo, ndugu wa marehemu, ndiye aliyekuwa ameusimulia wasifu mara ya kwanza. Alinijia mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye huyo wa vyuma vizee? Unaweka takataka kwa mashine za watu, unakuja kwa matanga kutuambia ati pole?"

"Pole nasema, mzee. Kosa ni langu, si la mama anayechapa. Lakini takataka hapana. Kila mtu niliyemwekea spea ya mtumba anajua ni ya mtumba. Hata huyo mama alijua."

"Na sisi tulijua?"

Nikasema, "Hapana. Nyinyi hamkuulizwa." Nikabaki nimesimama na daftari langu kwa aibu, lakini sikuondoka.

Aliyeniokoa ni mjane. Alikuwa ameketi mlangoni, mguu mmoja umenyooshwa, kanga mabegani. Akaita, "Huyo mtoto si amekuja kuandika? Alete hiyo kitabu hapa."

Nikakaa chini karibu naye, na wengine wakasogea. Baba mdogo alianza kusimulia tena: mwaka wa kuzaliwa, shule, kazi ya uashi, madarasa aliyojenga hadi Lugulu, wana wake wanne kwa majina. Mjane alimsikiliza hadi akamaliza.

"Uliacha wasichana," akasema.

"Wale wameolewa, wako kwa makwao. Ata mara ya kwanza hatukuwaweka."

"Ndiyo nasema. Mara ya kwanza haikuwa sawa." Akanigeukia. "Andika. Wasichana watatu." Akayataja majina yao moja moja, kutoka mkubwa hadi mdogo, na akangoja kalamu yangu isimame kabla ya kutaja lingine. Kisha akasema, "Andika pia nilimbebea maji ya kuchanganya simiti miaka minane, kabla hajapata mtu wa kumsaidia. Hiyo madarasa nilijenga na yeye."

Mmoja wa mabinti, aliyekuwa amesimama nyuma na sinia ya vikombe, aliweka sinia chini na kuingia ndani ya nyumba.

Niliandika kila neno. Alasiri nilikuwa Bungoma, tukakodi kompyuta ya saiba, mimi nikisoma na mama mchapaji akichapa. Alipofika kwenye maji ya simiti aliniuliza kama hayo ni maneno yangu au ya mwenyewe. Nikamwambia ni ya mwenyewe. Akaendelea. Ijumaa kabla ya saa sita nakala zilikuwa Matulo.

Kazi zilizobaki zilituchukua wiki mbili. Tuliwafuata wateja wa mama mchapaji mmoja mmoja, tukaazima nakala zao za karatasi, na kila asubuhi kabla ya baraza kuchangamka nilimsomea akachapa. Safari hii kwenye diski mpya niliyoagiza Nairobi, na kila kitu tukakihifadhi pia kwenye flashi. Siku ya tatu nilimwomba msamaha vizuri, kwa maneno yaliyopangwa. Akasema, "Soma, acha hotuba. Kipengele cha nne kinasemaje?"

Habari zilikuwa zimefika Kitale. Niliambiwa bosi wangu wa zamani anawasimulia wateja jinsi nilivyopoteza maiti ya watu, maana kisa kilikua kikiwa njiani. Watu watatu walirudi barazani kudai niwatolee spea za mtumba nilizowawekea. Sikubishana nao. Mmoja kibodi yake ilikuwa inafanya kazi bila tatizo lolote. Nilimtolea, nikamrudishia ile yake iliyokufa, akaondoka na laptopu isiyoandika herufi E wala R. Alirudi baada ya siku nne na nikamwekea ileile yenye nukta nyekundu, bila kusema neno, ingawa nilikuwa nayo mengi.

Mzee wa duka alitoka siku hiyo akasimama mbele ya ubao wangu, mikono nyuma.

"Mama, hutaki kuufuta sasa?"

"Hapana, mzee. Nataka kuongeza."

Akaingia ndani, akarudi na kopo la rangi nyeupe na brashi iliyokakamaa. Nikaongeza mstari: DISKI NA BETRI NI MPYA TU. Nilitaka kuandika na sababu yake lakini nafasi iliisha.

Bosi alikuja mwenyewe mwaka uliofuata. Nilimwona akishuka kwenye gari lake, akavuka barabara, akasoma ubao wote kama mtu anayetafuta kosa la herufi. Nilimpa kiti changu na nikakalia kreti. Mama mchapaji aliendelea kuchapa, lakini vidole vilipunguza kasi.

"Umenenepa," akasema.

"Nakula ugali."

Alicheka. Kisha akaniambia duka limekua, anafungua la pili Eldoret, anataka mtu wa kusimamia la Kitale. Mafundi wote wangekuwa chini yangu. Nilimuuliza kuhusu maboksi.

"Maboksi ni biashara," akasema. "Wewe utashughulika na mafundi. Lakini huu ubao utoe. Watu wa huku wakija kwangu siku hizi wanakwaruza stika hata hawajalipa. Ni wewe umewafundisha."

Sikutegemea kufurahi kiasi kile. Nilijaribu kuficha uso.

"Ubao haubanduki," nikasema. "Na mimi sirudi. Ukiandika kwenye boksi kwamba ni ya mtumba, nitakuja kukusaidia bure siku moja kwa wiki, kwa sababu ulinifundisha kulehemu. Bila hiyo, hapana."

"Bado una ubishi."

"Bado ninao."

Alimaliza chai aliyoagiziwa na mzee wa duka, akamshukuru mzee, akaniaga kwa mkono, na akaenda zake. Hakuandika chochote kwenye maboksi yake, nami sikuenda. Duka la Eldoret nilisikia lilifunguliwa na likafanya vizuri. Wanaotaka kusikia kwamba alifilisika huniuliza kila mara, na huwa nawavunja moyo.

Nilikaa kwenye baraza lile miaka mingine mitano. Mteja ninayemkumbuka sana wa siku zile ni mwalimu mkuu mstaafu kutoka upande wa Webuye, aliyevunja kioo chake. Nilimwashia viwili, kipya cha kuigiza na cha mtumba, nikamweleza kwa urefu kwa nini cha mtumba ni bora. Alinisikiliza kwa adabu, akainama, akavitazama kwa muda mrefu.

"Naona cha mtumba ni kizuri zaidi," akasema. "Lakini maisha yangu yote nimevaa koti la mtu, nimekalia kiti cha mtu, gari nililonunua lilikuwa la mtu. Nataka kitu kimoja kisichokuwa cha mtu kabla yangu. Nipe hicho kipya."

"Rangi zake ni mbaya, mwalimu."

"Umeshaniambia. Nipe hicho."

Nikamwekea.